Damu Kavu kwenye Karatasi na Kipimo cha Wingi wa Virusi: Maswali Tunayoulizwa Mialoni na Visiwani

Nafanya kazi kwenye kliniki ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, iliyo kando ya ziwa, upande wa Mwanza. Wateja wetu wengi ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mama lishe wa mialoni (kule boti za wavuvi zinakotia nanga) na wakulima wa mihogo kutoka visiwani. Maswali haya nimeyasikia kwenye benchi la kusubiri, dirisha la dawa, na mengine ndani ya boti, mtu akininong'oneza ili abiria wa jirani asisikie. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu uso kwa uso.

Wingi wa virusi ni kitu gani, na kwa nini nipimwe wakati najisikia mzima kabisa?

Ni hesabu. Maabara inahesabu nakala za VVU zilizomo katika mililita moja ya damu yako. Dawa zikifanya kazi, hesabu inashuka mpaka mashine inashindwa kuviona. Dawa zisipofanya kazi, au zisipomezwa, hesabu inapanda.

Kujisikia mzima si kipimo. Virusi ndivyo vinavyotangulia kupanda. Kinga inashuka baadaye, na ugonjwa unakuja nyuma ya vyote viwili. Mtu anaweza kubeba virusi vingi kwa miezi huku anavuta nyavu na kucheka na wenzake. Zamani tulikuwa tukifuatilia kinga kwa CD4, yaani kuhesabu chembe nyeupe za kinga, na CD4 ilipoanza kutuonya, mara nyingi tulikuwa tumeshachelewa. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kipimo cha wingi wa virusi ndicho kitangulizwe katika kufuatilia matibabu.

Ukianza dawa utapimwa baada ya miezi 6, kisha ukitimiza miezi 12, halafu kila mwaka kama mambo ni mazuri. Watoto, vijana, wajawazito na wanaonyonyesha hupimwa kwa karibu zaidi.

Damu ikishakauka si imekwisha kuharibika?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wa ziwani wanalijua jibu lake bila kujua kwamba wanalijua.

Dagaa akitolewa majini na kuachwa kwenye ndoo, kesho asubuhi ananuka. Dagaa yuleyule akianikwa mpaka akakauka, anafungwa kwenye gunia, anapita soko la Mwaloni Kirumba, anafika Kongo bado ni chakula. Kinachooza kinahitaji maji. Ukiondoa maji, kuoza kunasimama.

Ndivyo ilivyo kwa damu. Mashine inatafuta vinasaba vya virusi, aina iitwayo RNA, ambavyo ni dhaifu mno. Ndani ya damu mbichi kuna vimeng'enya vinavyovikatakata. Damu ikikauka, vimeng'enya hivyo vinakosa maji ya kufanyia kazi, na vinasaba vinabaki vimelala kwenye nyuzi za karatasi. Maabara wanakata kiduara cha damu, wanakilowesha kwenye kimiminika maalumu, vinasaba vinatoka, kisha mashine inavizidisha kwa njia ya PCR mpaka viweze kuhesabika. Haijalishi kama kirusi chenyewe bado ni hai. Kinachohesabiwa ni maandishi yake.

Tofauti moja tu na dagaa: dagaa tunamwanika juani, karatasi ya damu tunaikausha kivulini. Jua kali na joto la bati vinaharibu kile tunachotaka kukihifadhi.

Kwa nini msichukue damu ya mshipani kwenye mrija, kama wanavyofanya mjini?

Inapowezekana, tunachukua. Damu ya mrija, ikitenganishwa na kupatikana plazma (maji ya damu yasiyo na chembe), ndiyo sampuli bora zaidi kwa kipimo hiki, na siwezi kukwambia vinginevyo. Shida yake ni masharti. Damu inaingia kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau, na kwa kawaida ndani ya saa 24 inatakiwa iwe imezungushwa kwenye mashine ili plazma itengane na chembe. Baada ya hapo plazma inakaa kwenye ubaridi mpaka inafika maabara. Inahitaji umeme, mashine ya kuzungushia, mtaalamu wa maabara, boksi la baridi lenye barafu na usafiri wa uhakika.

Sasa chukua zahanati iliyo kwenye kisiwa kidogo nyuma ya Ukerewe. Mteja wa mwisho amemaliza saa nane mchana, boti ya kwenda Nansio imeshaondoka asubuhi, na kutoka Nansio bado kuna meli ya saa kadhaa kufika Mwanza mjini. Upepo ukichafuka hakuna anayesafiri. Damu ya mrija iliyochukuliwa hapo inakuwa imeharibika kabla haijaona gati. Karatasi inasubiri. Ikikaushwa vizuri na kufungwa vizuri, inakaa kwenye joto la kawaida kwa wiki moja au mbili bila friji, na inasafirishwa ndani ya bahasha.

Wenzetu wa Sengerema na Buchosa wana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Nimewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo na boksi la sampuli mapajani, nikiangalia barafu inavyoyeyuka. Lakini daraja haliendi Ukara, wala haliendi Goziba. Huko karatasi bado ni ya lazima.

Mnatoboa wapi, na inauma kiasi gani?

Kwa mtu mzima tunatoboa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, mkono usiofanya kazi nyingi. Inauma kama mwiba wa sangara, mara moja, basi. Mtoto mchanga anatobolewa kisiginoni.

Mvuvi ana shida yake. Mikono iliyovuta kamba miaka 15 ina sugu, na kisindano kinagota kwenye ngozi bila kufika kwenye damu. Wapo wanaofikiri tumewatoboa mara mbili kwa kutojua kazi. Tunachofanya ni kumwambia anawe kwa maji ya uvuguvugu, ashushe mkono chini, auchezeshe kidogo, ndipo tutoboe pembeni ambako ngozi ni laini.

Tone la kwanza linafutwa kwa pamba kavu. La pili ndilo linaguswa na karatasi, likae katikati ya kiduara, na karatasi ilinywe lenyewe mpaka kiduara kijae na damu ionekane upande wa nyuma. Karatasi ina viduara 5, kila kimoja kinabeba kama mikrolita 70 hivi. Viduara vyote 5 kwa pamoja havifikii hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai, kwa hiyo ile hofu ya kwamba tunawamaliza damu haina msingi.

Mhudumu akikukamua kidole kwa nguvu, una haki ya kumwambia aache. Ukikamua, maji ya kwenye nyama yanatoka na kuchanganyika na damu, na hesabu inapotea.

Kwa nini karatasi inaachwa ikauke usiku kucha? Si inaonekana imekauka baada ya nusu saa?

Inaonekana imekauka juu. Ndani ya nyuzi bado mbichi. Inahitaji angalau saa 4, na huku kwetu ambako hewa ya ziwa ina unyevu, tunaiacha usiku kucha kwenye kichanja chake, imelala, haigusani na nyingine, mbali na inzi na vumbi.

Niliona kwa macho yangu inavyokuwa watu wakiharakisha. Ilikuwa masika. Zahanati moja ya kisiwani ilikusanya sampuli za siku nzima, na jioni mtu akaondoka na boti ya bahati. Ili asiipoteze boti hiyo, karatasi zilitiwa kwenye mfuko zikiwa bado na ubichi. Tulipoufungua mfuko zilikuwa zimeshikana kama majani ya mgomba yaliyolowa. Damu ya mama mmoja ilikuwa imechapa mgongoni mwa karatasi ya mwingine, na pembeni kulikuwa na madoa ya kijani ya ukungu. Hakuna hata moja iliyopimwa. Ikabidi wateja wote waitwe upya. Mmoja alikuwa ameshahamia kambi nyingine na ilituchukua miezi kumpata. Tulipompata na kumpima, virusi vyake vilikuwa juu. Miezi yote ile tungekuwa tunamsaidia.

Kwa hiyo ukiona nesi anakataa kumpa nahodha bahasha kwa sababu karatasi hazijakauka, usimwone ana roho mbaya.

Zikishakauka, kila karatasi inawekwa kwenye bahasha yake, kisha kwenye mfuko wa plastiki wa kubana pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu, kama vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Ndani yake kuna pia kikadi cha kuonyesha unyevu. Kwa kawaida kinakuwa na rangi ya bluu, na unyevu ukiingia kinageuka waridi. Kikigeuka, vipakiti vinabadilishwa.

Majibu ya karatasi yanaaminika sawa na ya mrija?

Kwa swali kubwa, yaani kama virusi viko juu ya nakala 1000 au chini yake, ndiyo, yanaaminika kiasi cha kutosha kuamua matibabu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaikubali karatasi, iwe damu imetoka kidoleni au mshipani, kwa kutumia mpaka huo wa 1000.

Kwa maswali madogo zaidi, karatasi ina udhaifu wa aina mbili, na unaenda pande mbili tofauti.

Wa kwanza ni kwamba damu ni kidogo. Mashine inayopewa plazma inapata ujazo mkubwa na inaweza kuona virusi vichache mno, hata chini ya 50. Kiduara cha karatasi kina tone tu, na karibu nusu ya tone hilo ni chembe nyekundu ambazo hazina cha kuhesabiwa. Kwa hiyo virusi vichache vinaweza kupita bila kuonekana.

Wa pili ni kwamba karatasi inabeba damu nzima, pamoja na chembe nyeupe. Ndani ya baadhi ya chembe hizo VVU amejificha, ameandika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya chembe yenyewe, na amelala. Plazma haina chembe hizo. Baadhi ya njia za kupima zinashindwa kutenganisha vizuri kirusi aliyelala kwenye chembe na kirusi anayezunguka kwenye damu, vyote vinahesabiwa. Matokeo yake, mtu ambaye plazma yake ingesoma nakala chache anaweza kupata majibu ya karatasi yaliyopanda, pengine hata kuvuka kidogo ule mpaka.

Ndiyo maana mtu anayemeza dawa vizuri akipata 1,200 kwenye karatasi, mimi simkaripii. Namuuliza, namsikiliza, na ikiwezekana naomba apimwe tena kwa plazma. Akipata 80,000, hapo hakuna cha kubishania kuhusu karatasi. Virusi vikiwa vingi, karatasi na mrija husema kitu kilekile.

Ombi langu kwa wahudumu wenzangu: andikeni kwenye faili sampuli ilikuwa ya aina gani. Namba 900 ya karatasi na namba 900 ya plazma si ndugu wa damu moja. Mtu akilinganisha majibu ya mwaka jana na ya mwaka huu bila kujua hilo, anaweza kusema virusi vimepanda wakati kilichobadilika ni sampuli.

Majibu yangu yanasema chini ya 1000. Siwezi kumwambukiza mwenzangu?

Virusi visipoonekana kabisa kwenye kipimo, na unaendelea kumeza dawa, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Hilo limethibitishwa. Vikionekana lakini viko 1000 au chini yake, uwezekano wa kuambukiza kwa ngono ni karibu na sifuri. Kwa majibu ya karatasi, hapo ndipo wengi wenu mnapoangukia, na ni habari njema.

Kunyonyesha ni jambo jingine. Hatari inakuwa ndogo sana, lakini haifutiki kabisa, kwa hiyo mama anaendelea na dawa zake na mtoto anapewa zake kama kliniki inavyoelekeza.

Na kinga hii haizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Majibu yamekuja juu ya 1000. Maana yake dawa zimegoma?

Si lazima. Mara nyingi dawa ni nzima ila hazijafika mwilini inavyotakiwa. Utapewa ushauri wa kina wa ufuasi, yaani kumeza dawa bila kuruka, kwa kawaida vikao 3 kwa miezi 3, halafu unapimwa tena. Vikao hivyo si mahakama. Vinatafuta kamba imekatikia wapi.

Huku kwetu nimeona imekatikia mahali kadha wa kadha. Mvuvi ameenda kambi ya mbali akidhani ni siku 5, akakaa wiki 3, vidonge vikaisha. Dada anaishi na mume asiyejua hali yake, anaficha kopo kwenye debe la unga na siku mume akishinda nyumbani dawa hazimezwi. Boti imepigwa na mawimbi, mfuko wenye dawa ukaenda na maji, na mtu akaona aibu kurudi kliniki kuomba nyingine. Rudi tu. Tunajua ziwa lilivyo.

Kuna pia jambo ambalo watu hawalitarajii. Dawa ya kila siku wanayotumia wengi sasa ni kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Dolutegravir haipatani na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Vidonge hivyo vikimezwa pamoja, vinaishika dawa tumboni isiingie mwilini. Meza dolutegravir saa 2 kabla ya dawa hiyo ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Vidonge vya damu vya wajawazito na vya kalsiamu vina tabia hiyohiyo, ila vyenyewe waweza kuvimeza pamoja na dolutegravir ukiwa umekula chakula. Na kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, mwambie mhudumu, kwa sababu dozi ya dolutegravir inatakiwa kuongezwa.

Ukishafanya yote haya na kipimo cha pili bado kikawa juu, ndipo daktari anafikiria usugu, yaani virusi visivyosikia tena dawa, na kubadilisha dawa. Hata kipimo cha usugu kinaweza kufanywa kutoka kwenye damu kavu.

Nisisitize pia: walio wengi wanafaulu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kwamba kati ya watu wazima waliokuwa kwenye dawa, takriban 94 kati ya kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubaa.

Mtoto wangu alipimwa kwa karatasi kama hii akiwa na wiki 6. Ni kipimo kilekile?

Karatasi ni ileile, swali ni tofauti. Kwa mtoto tulikuwa tunauliza ana VVU au hana, kwa sababu chini ya miezi 18 kipimo cha haraka kinaweza kuona kingamwili za mama tu (askari wa kinga aliompa mtoto) na kutudanganya. Kwako wewe tunauliza virusi ni vingapi. Kukausha karatasi tulikuwa tukikufanya kwa ajili ya watoto kabla ya kuanza kukufanya kwa ajili ya wakubwa.

Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko VVU. Miaka ya 1960 nchini Marekani, Robert Guthrie alianza kupima watoto wachanga ugonjwa wa kurithi kwa tone la damu la kisiginoni lililokaushwa kwenye karatasi.

Mwenye boti au bodaboda akifungua bahasha, si atajua ni mimi?

Kwenye karatasi kuna namba yako ya CTC, yenye tarakimu 14, tarehe na alama za maabara. Bahasha inafungwa, na fomu zinakaa kwenye mfuko wake. Hata hivyo najua visiwani watu wanajuana kwa mwendo na kwa kofia, kwa hiyo wasiwasi wako si wa kipuuzi. Ukiona fomu zimeachwa wazi mezani, sema.

Nisile siku ya kipimo? Niache dawa?

Kula. Meza dawa kama kawaida. Kipimo hakilipiwi.

Nimeambiwa sampuli yangu imekataliwa. Ni mimi nimekosea?

Hapana, karibu kila mara ni sisi. Viduara havikujaa, au mtu aliongeza tone juu ya tone lililoanza kukauka, au damu iliganda kabla ya kudondoshwa. Wakati mwingine kuna duara la maji kuzunguka damu, ishara ya kidole kilichokamuliwa. Au namba ya kwenye karatasi haifanani na ya kwenye fomu. Tunakuomba radhi na kukutoboa tena. Sampuli iliyokataliwa si majibu, wala haisemi lolote kuhusu afya yako.

Mimi nafuata dagaa, leo nipo Irugwa, mwezi ujao sijui. Majibu yatanipataje?

Wavuvi wa dagaa mnaingia ziwani siku za giza, mbalamwezi ikiwaka mnapumzika. Mwambie mhudumu akupangie tarehe kwa mwezi wa angani badala ya ule wa kalenda. Sisi tulipoanza kufanya hivyo, benchi lilijaa siku ambazo zamani lilikuwa tupu.

Ukijua unahama, sema kabla hujaondoka ili upewe dawa za miezi mingi na barua ya uhamisho. Ukiwa umeshahama bila kuaga, nenda CTC yoyote iliyo karibu na kadi yako ya CTC1. Hata kadi ikiwa imelowa, namba ikisomeka inatosha. Majibu yapo Mwanza, kwa mfano kwenye maabara ya Hospitali ya Kanda Bugando, ambako sampuli za Kanda ya Ziwa hupimwa, na kituo kilichokutoboa kina nakala. Waombe wawapigie simu wale waliokutoboa. Ukiacha namba ya simu, tuambie na saa ambayo mtandao unapatikana kambini kwenu, na tukupigie wewe au tumtafute yule uliyetuandikia kuwa anajua hali yako. Hatumwachii ujumbe mwenye duka wala tajiri wa mtumbwi.